Kioo Kidogo na Mwali wa Leza: Ushirikiano wa Viwanda katika Kutengeneza Miwani ya Uhalisia Ulioongezwa

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 2020 makampuni matano, yaliyo mbalimbali kwa nchi na kwa kazi, yalitangaza kwamba yameunda umoja wa kuendeleza aina moja tu ya kifaa: miwani inayoandika maneno na picha mbele ya macho ya mvaaji kwa mwali wa leza, bila ya kumzuia kuuona ulimwengu ulio mbele yake. Makampuni hayo yalikuwa STMicroelectronics, yenye asili ya Italia na Ufaransa. Osram ya Ujerumani. Dispelix ya Ufini. Mega1 ya Taiwan. Na Applied Materials ya Marekani. Umoja wenyewe ulipewa jina la LaSAR, ambalo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kupitisha mwali wa leza kwa ajili ya uhalisia ulioongezwa.

Jambo hili lina ajabu yake. Viwanda vya elektroniki si mahali pa ukarimu. Kampuni inayojua namna ya kuchonga kioo kidogo kuliko punje ya mtama huificha elimu hiyo kama mganga afichavyo mizizi yake, nayo huwaajiri mawakili wa kuilinda. Makala haya yanakusudia kueleza kilichoyafanya makampuni yenye tabia hiyo yakubali kuketi meza moja. Jibu, kwa ufupi, ni kwamba kasoro kubwa za miwani hii hazimo ndani ya sehemu yake yoyote ikichukuliwa peke yake, bali zimo katika viungo, yaani mahali ambapo kazi ya kiwanda kimoja hukutana na kazi ya kiwanda kingine. Na kasoro iliyo katika kiungo haina mwenyewe.

Kabla ya kuendelea hapana budi kusema machache juu ya maneno. Leza limekwisha kukaa katika Kiswahili na halina haja ya kutetewa. Kuhusu fani yenyewe, wafasiri wa programu za simu wamezoea kusema "uhalisia ulioboreshwa". Lakini kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora zaidi, na miwani hii haiuboreshi uhalisia hata kidogo: mlima hubaki mlima, na barabara hubaki na mashimo yake. Kinachofanyika ni kuongeza juu ya kile kinachoonwa maandishi, mshale au picha. Kwa hiyo humu limetumika "uhalisia ulioongezwa", ingawa hata hilo si kamili, kwani kinachoongezwa hasa si uhalisia.

Neno linalosumbua zaidi ni kioo. Katika matumizi ya kila siku kioo ni kile cha dirisha, ni kile cha kujitazamia, na siku hizi ni ule uso wa simu au wa televisheni unaotoa picha. Ndani ya miwani inayoelezwa hapa vyote vitatu vinahusika, na msomaji angepotea upesi kama vyote vingeitwa kwa jina moja. Kwa sababu hiyo kioo, katika makala haya, ni kile kinachorudisha mwanga tu. Kile kinachotoa picha kimeitwa kiwambo. Na lile bamba angavu linaloupokea mwanga upande mmoja, likausafirisha ndani yake na kuutoa mbele ya jicho, limeitwa mfereji wa mwanga. Maana kazi lifanyayo haitofautiani sana na ile ya mfereji wa maji shambani.

Historia fupi

Wazo la kuyaongezea macho habari ni la zamani kuliko vifaa vyake. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alieleza kifaa cha kuvaliwa kichwani alichokitengeneza alipokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, chenye viwambo viwili vidogo vya aina ile iliyotumiwa katika televisheni za wakati huo. Kifaa kiliweza kuunganishwa na mkono wa chuma ulioning'inia kutoka darini, nao ndio uliopima kichwa kinaelekea wapi. Aliyekivaa hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1992 Thomas Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing waliandika juu ya miwani ya kuwasaidia mafundi wanaopanga mafungu ya nyaya za ndege, ili fundi aone mbele yake njia ya kila waya badala ya kurudi kila mara kwenye karatasi. Jina la Kiingereza la fani hii lilianza kuenea kutokana na kazi yao.

Karibu na wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Thomas Furness na wenzake walianza kufuata njia nyingine. Badala ya kutengeneza kiwambo kidogo na kukisogeza karibu na jicho, waliona kwamba kiwambo chenyewe kinaweza kuachwa kabisa. Mwali mmoja mwembamba wa mwanga ungeingizwa katika mboni na kutembezwa upesi juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hata picha yote ichorwe humo humo. Wazo hilo lilianza kufanyiwa kazi mwaka 1991, na mwaka 1993 ikaundwa kampuni ya Microvision ili kuliingiza sokoni.

Kilichokosekana kilikuwa rangi. Leza ya kwanza duniani, ile iliyowashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960, ilitoa mwanga mwekundu kutoka katika yakuti, na kwa miaka mingi leza ndogo za daiodi, zinazotosha kuingia katika kifaa cha kuvaliwa, ziliweza kutoa mwekundu tu au mwanga usioonekana kwa macho. Kifaa cha Nomad ambacho Microvision ilikiuza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa na rangi nyekundu peke yake. Leza ya daiodi ya buluu ilipatikana kwa kazi ya Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, Japani, kati ya mwaka 1995 na 1996. Ya kijani ilichelewa zaidi. Ni mwaka 2009 tu ndipo Nichia, Osram na Sumitomo Electric zilipotangaza, takriban kwa wakati mmoja, leza za daiodi zinazotoa kijani moja kwa moja. Kabla ya hapo kijani kilipatikana kwa njia ya mzunguko, kwa kuupitisha mwanga usioonekana katika fuwele inayoubadili urefu wa mawimbi yake. Kwa kuwa rangi hizo tatu ndizo zinazozaa nyingine zote machoni pa mwanadamu, yafaa kusemwa kwamba miwani ya leza yenye rangi kamili haikuwa na uwezekano wa kweli kabla ya mwaka huo.

Jinsi picha inavyochorwa

Watoto wanaocheza gizani huchukua kijinga cha moto na kukizungusha kwa kasi, na watazamaji wakaona duara zima la moto ingawa wanajua vema kwamba kijinga ni kimoja na kwa dakika yoyote kiko mahali pamoja. Jicho haliwahi kusahau nuru iliyopita kabla ya nuru ile ile haijarudi. Miwani ya leza hutegemea udhaifu huo huo wa jicho. Leza tatu, nyekundu, kijani na buluu, huunganishwa kuwa mwali mmoja. Mwali huo hupiga kioo kidogo kinachotikisika. Nacho huurusha kulia na kushoto, na kuushusha kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, kama maksai wanaolima shamba kwa plau huku wakienda na kurudi. Mahali panapotakiwa pawe na nuru leza huwaka, na panapotakiwa giza huzimwa.

Kioo hicho huchongwa katika silikoni, kwa ufundi ule ule wa kutengenezea vipande vya kompyuta. Kipenyo chake ni kiasi cha milimita moja, na kimeshikwa na vijiti viwili vyembamba vya silikoni iyo hiyo vinavyojipinda na kujinyoosha. Hakisukumwi kwa nguvu. Husukumwa kwa wakati wake, kama mtoto aliye katika bembea, na hivyo nguvu kidogo sana ya umeme hutosha kukifanya kitikisike kwa upana. Hesabu ndogo itaonyesha ukali wa kazi yake. Kioo kikitikisika mara 27,000 kwa sekunde, na kikichora katika kwenda na katika kurudi, hutoa mistari 54,000 kila sekunde. Picha zikiwa 60 kwa sekunde, kila picha hupata mistari 900. Kila mstari una muda usiofika hata sehemu 20 za milioni za sekunde, na kama mstari mmoja una nukta 1,300, basi leza haina budi kuwaka, kubadili nguvu na kufifia katika muda wa sehemu 14 hivi za bilioni ya sekunde. Katikati ya mstari, ambapo kioo kina mbio kuliko penginepo, muda huo hupungua zaidi.

Faida ya njia hii huonekana pale inapolinganishwa na viwambo vya kawaida. Kiwambo cha aina ya fuwele za majimaji huhitaji taa imulike uso wake wote, hata kama kinachoonyeshwa ni neno moja tu pembeni. Leza huwaka pale tu penye neno. Mtu anayetaka kuona jina la mtaa, au ujumbe wa mistari miwili, hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya betri, na betri ndiyo uzito. Na uzito, katika kitu kinachokaa juu ya pua kutwa nzima, ndio huamua kama kitavaliwa au kitaachwa mezani.

Mwali ukishachora picha bado uko kwenye mkono wa miwani, kando ya kipaji, na jicho liko mbele. Namna ya kuufikisha ni mbili. Ya kwanza ni kuurusha kutoka pembeni hadi kwenye lenzi iliyotiwa utando maalumu unaorudisha rangi ya leza peke yake na kuziachia nyingine zipite. Ya pili ni mfereji wa mwanga. Mpiga mbizi aliye chini ya maji akitazama juu kwa mshazari huuona uso wa maji uking'aa kama kioo, kwa sababu nuru inayoupiga kwa mshazari mkubwa kutoka ndani haiwezi kutoka, hurudi chini. Ndivyo ilivyo katika bamba angavu lenye unene wa milimita moja au pungufu: mwanga ukiingizwa kwa mshazari unaofaa husafiri ndani yake kwa kurukaruka kati ya nyuso zake mbili. Kinachouingiza na kinachoutoa ni vifereji vidogo vilivyochorwa juu ya bamba, ambavyo nafasi kati yake ni pungufu ya sehemu moja ya elfu ya milimita.

Kasoro isiyo na mwenyewe

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo ilipo sababu ya umoja uliotajwa. Kila sehemu iliyoelezwa juu ina fundi wake, na kila fundi ana haki ya kusema kwamba kazi yake ni njema. Mwenye leza huipima leza yake akaiona i sawa. Mwenye kioo hukipima akakiona ki sawa. Zikiunganishwa, picha huwa na mistari, au madoadoa, au hugeuka rangi pembeni. Na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Tuseme juu ya upana wa mwali. Mwali hauwezi kuwa mpana kuliko kioo kinachourusha, yaani milimita moja hivi. Lakini mboni ya jicho mchana ina kipenyo cha milimita mbili au zaidi, jicho halitulii, na watu hawana umbali mmoja kati ya jicho na jicho. Ili mvaaji asiipoteze picha kila anapogeuza jicho, mfereji wa mwanga huurudufisha mwali mara nyingi, nakala kando ya nakala, hata eneo kubwa mbele ya jicho lijae. Mwali ukiwa mwembamba mno, nakala haziwezi kugusana. Hubaki nafasi, na jicho linapopita juu yake mwanga hupanda na kushuka. Fundi wa mfereji basi husema: leteni kioo kikubwa zaidi. Fundi wa kioo hujibu kwamba kioo kikubwa ni kizito, hutikisika polepole, na kikilazimishwa kwenda mbio hujikunja kama chapati juu ya kikaango, na mwali ukaharibika. Wote wawili wanasema kweli.

Kasoro ya pili inatokana na sifa ile ile inayoifanya leza itamanike. Mawimbi ya mwanga wa taa huenda ovyo kama watu wanaotoka sokoni. Ya leza huenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Nakala mbili za mwali huo zikikutana ndani ya mfereji, mawimbi huweza kuongezana au kufutana, ikatokea milia ya nuru na giza ambayo hakuna aliyeiweka. Huweza pia kutokea madoadoa yanayometameta, ambayo huonekana hata pale mwali wa leza unapoangukia ukuta wa kawaida. Mtu angeweza kutumia leza ambayo mawimbi yake hayana nidhamu sana. Lakini hapo vifereji vya kuingizia mwanga huanza kulalamika, kwa sababu hivyo huupinda mwanga kwa kadiri ya urefu wa wimbi lake, na mwanga wenye mawimbi ya urefu mbalimbali hutawanyika, herufi zikavimba kingo.

Joto nalo huingilia. Leza nyekundu ikipata moto, urefu wa wimbi lake hubadilika kidogo. Vifereji vikaupinda mwekundu kwa pembe nyingine. Na mwekundu ukahama kutoka juu ya wenzake wa kijani na buluu. Neno lililokuwa jeupe hupata kivuli chekundu upande mmoja. Miwani huweza kupata joto kwa sababu ya betri iliyo nyuma ya sikio, ambayo haikutengenezwa na yeyote kati ya mafundi hawa.

Zaidi ya yote kuna usalama wa jicho. Leza iliyomo katika miwani hii ni dhaifu, na vifaa vya namna hii hutakiwa vitimize kanuni ya kimataifa iitwayo IEC 60825-1, ambayo huzipanga leza kwa madaraja ya hatari. Mwali unaotembea hugawa nguvu yake juu ya eneo kubwa. Lakini kioo kikisimama ghafla, kwa kuanguka au kwa kuvunjika kijiti, mwali wote hubaki mahali pamoja. Kwa hiyo sharti pawe na kitu kinachojua kwamba kioo kimesimama, na kinachoizima leza kabla ya madhara. Je, kitu hicho ni cha mwenye kioo au cha mwenye leza? Swali hili linaonekana la kisheria, lakini ni la ufundi kabisa, kwani habari ya kusimama kwa kioo huzaliwa katika kiwanda kimoja na amri ya kuzima hutekelezwa katika sehemu iliyotoka kiwanda kingine, na kati yake kuna waya ambao lazima mtu mmoja auchore.

Hatimaye kuna upungufu wa mwanga. Mifereji mingi ya vifereji hufikisha jichoni kiasi cha sehemu moja tu katika 100 ya mwanga ulioingizwa, na mingine hata chini ya hapo. Anayetembea Mombasa saa sita mchana ana mbele yake mbingu na kuta nyeupe zinazong'aa kiasi kwamba maandishi dhaifu hayasomeki. Mwenye leza anaweza kuongeza nguvu, lakini nguvu huleta joto, na joto huleta yale yaliyokwisha kusemwa.

Waliokwenda peke yao

Si kwamba hapakuwa na waliojaribu kuyafanya yote ndani ya nyumba moja. Mwezi wa Februari 2018 kampuni ya Intel ilionyesha miwani iliyoitwa Vaunt, yenye uzito usiofika gramu 50 na umbo la miwani ya kawaida, iliyotumia leza nyekundu dhaifu na lenzi yenye utando wa kuurudisha mwali jichoni. Waandishi walioijaribu waliisifu. Miezi miwili baadaye ikajulikana kwamba kazi hiyo imefungwa. Hapakuwa na tatizo moja la ufundi lililotajwa kuwa liliiua. Iliyokosekana ilikuwa kampuni nyingine ya kuichukua na kuifikisha sokoni.

Kampuni ya North ya Kanada ilifika mbali zaidi. Miwani yake ya Focals ilitangazwa mwezi wa Oktoba 2018 kwa bei ya dola 999, ikawa na rangi na ikauzwa kwa watu wa kawaida. Lakini njia yake ya kufikisha mwanga ilikuwa ile ya lenzi yenye utando, ambayo eneo lake la kuonea ni dogo mno. Mnunuzi hakuweza kuagiza tu kwa posta. Ilimpasa afike dukani, Brooklyn au Toronto, kichwa chake kipimwe kwa kamera nyingi, kisha arudi afanyiwe marekebisho, maana tofauti ya milimita chache iliifuta picha yote. Ni vigumu kuona jinsi biashara ya namna hiyo ingeweza kukua upesi. Tarehe 30 Juni 2020 Google ilitangaza kwamba imeinunua North, na baada ya tarehe 31 Julai mwaka huo miwani ya Focals iliacha kufanya kazi zake za kielektroniki. Wateja waliahidiwa kurudishiwa fedha, wakabaki na lenzi za kawaida. Miezi mitatu baadaye ndipo umoja wa LaSAR ulipotangazwa.

Microsoft ilikuwa na nguvu kuliko wote. HoloLens 2, iliyotangazwa mjini Barcelona mwezi wa Februari 2019, ilitumia leza, vioo vinavyotikisika na mifereji ya mwanga, zote tatu pamoja. Ilikuwa na uzito wa gramu 566 na bei ya dola 3,500, ikakusudiwa viwanda na hospitali. Baada ya kufika mikononi mwa watu palizuka malalamiko ya wazi juu ya rangi zisizolingana: ukurasa mweupe ulionekana kuwa na mabaka ya waridi na kijani. Ndiyo kasoro ya kiungo iliyoelezwa juu, na ilitokea kwa kampuni yenye fedha za kutosha kuwaajiri mafundi wa kila upande. Mwezi wa Oktoba 2024 Microsoft ilithibitisha kwamba haitengenezi tena HoloLens 2.

Umoja na mipaka yake

Ukiyatazama makampuni matano ya mwanzo utaona kwamba yalichaguliwa kama viungo vya mnyororo. STMicroelectronics ilileta kioo kidogo na elektroniki za kukiendesha. Osram ilileta leza. Dispelix, iliyozaliwa mwaka 2015 kutoka katika taasisi ya utafiti ya VTT na yenye makao mjini Espoo, ilileta mfereji wa mwanga. Mega1 ilileta ufundi wa kuviweka vyote katika kasha dogo pamoja na lenzi zake. Applied Materials, ambayo tangu mwaka 1967 kazi yake ni mashine na mbinu za kutengenezea vipande vya elektroniki, ilileta namna ya kuvichora vifereji vile vidogo kwa wingi bila ya kupoteza usahihi. Baadaye umoja uliwekwa chini ya IEEE-ISTO, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 ili kuvipa vikundi vya viwanda mahali pa kukutania na kanuni za kuendeshea mambo yao, na wanachama wengine wakajiunga.

Umoja huu si ushirika kwa maana inayofahamika kwa mkulima wa kahawa, ambaye hupeleka mbuni zake kwenye kiwanda cha pamoja na kugawiwa mapato. Hakuna mapato ya pamoja, wala hakuna miwani ya LaSAR inayouzwa. Kila mwanachama ana wateja wake na siri zake. Kinachogawanywa ni kile kilicho katikati: kioo kinatarajia mwali wa upana gani, mfereji unavumilia wimbi lihame kiasi gani kwa joto, ni nani anayepima nini, na kwa kipimo kipi, kabla ya sehemu kutoka kiwandani. Mambo haya huonekana madogo. Lakini fundi wa kioo asipojua mapema mfereji utadai nini, huchonga kioo kizuri kwa ajili ya mfereji usiokuwapo, na kosa hilo hugunduliwa baada ya mwaka mzima na baada ya fedha nyingi kutumika.

Hata hivyo makubaliano ya namna hii yana udhaifu ambao haufai kufichwa. Wauzaji wa sehemu wanaweza kukubaliana wao kwa wao usiku na mchana. Anayeamua ni yule anayeuza miwani yenyewe, naye aghalabu ni kampuni kubwa isiyopenda kufungwa na mapatano ya wengine. Tena leza ina washindani. Meta ilipoonyesha miwani yake ya majaribio ya Orion mwezi wa Septemba 2024, chanzo cha picha kilikuwa taa ndogo mno za daiodi, wala si leza. Na miwani ya Meta Ray-Ban Display iliyotangazwa Septemba 2025 kwa dola 799, yenye uzito wa gramu 69, hutumia kiwambo kidogo cha fuwele za majimaji juu ya silikoni. Kila njia kati ya hizo ina viungo vyake na kasoro zake za kiungo.

Wenye leza hujibu kwa kutaja ukubwa. Huko Vienna, Austria, kampuni ya TriLite imetengeneza kitoa picha cha leza tatu na kioo kimoja chenye ujazo usiofika sentimita moja ya mraba-tatu, ambacho huingia katika mkono wa miwani bila ya kuunenepesha. Ili kufika hapo ilibidi lenzi nyingi za kunyooshea mwali ziondolewe, na kazi yake ipewe programu inayorekebisha wakati wa kuwaka kwa kila leza, nukta kwa nukta, ili makosa ya kioo yasawazishwe na leza. Katika kifaa hicho mpaka kati ya fundi wa kioo na fundi wa leza hauonekani tena, na anayeutafuta itambidi asome programu hiyo.